Kiinua Mgongo

Leicester, Machi 1919

Jedwali limebandikwa ukutani, juu ya jiko la makaa:
vyeo kushoto, siku kulia.
Mwaka wa kwanza vitani, mshahara wa siku mia na ishirini na nne;
kila mwaka uliofuata, nusu yake.
Nazidisha. Natoa. Nakausha wino.
Nimekaa meza hii tangu mwenyewe alipoitwa mstari wa mbele,
na vidole vyangu huijua hesabu
kabla kichwa hakijaamka.

Kapteni Thurlow amekuja mwenyewe, fimbo kwapani,
aulize kwa nini marupurupu ya farasi
yamekatwa kuanzia Novemba.
"Farasi alikufa Oktoba, bwana."
"Lakini mimi nilibaki naye," anasema,
kisha anaitazama kofia yake
kana kwamba ndiyo iliyosema.

Meja Carbury anafuga kuku. Yaani, atafuga.
Ameleta mchoro wa mabanda, wino wa rangi mbili,
na hundi hata sijaiandika.
Wiki hii nimehesabu maofisa kumi na mmoja wa kuku,
mmoja wa nyuki,
na mmoja anayetaka kununua basi
apeleke watu pwani siku za Jumapili.
Nani atakula mayai yote hayo?
Sisemi. Daftari langu halina safu ya ndoto.

Faili la Luteni Denzil Penrose ni jembamba.
Miaka miwili na siku arobaini na tatu.
Kombora. Uti wa mgongo.
Mto ulio karibu, karani wa huko ameuandika mara tatu,
kila mara kwa tahajia yake.
Tangu Aprili amelala chali, akitazama dari la hospitali,
nami nimemwandikia barua ya ofisi:
kiinua mgongo chako ni hiki, bwana,
toa posho iliyolipwa mara mbili,
toa bastola moja,
toa darubini moja, haikurudishwa.

Kanuni ni kuisoma barua kwa sauti kabla ya muhuri.
Niliisoma. Nilipofika kwenye neno lile
nikasimama,
na Miss Gadsby wa meza ya pili akaniuliza kama nataka maji.

Kiinua mgongo.
Nani alikaa, ameshiba, akalibuni?
Na kifutajasho je, jasho lilipokwisha kukauka
pamoja na shati, pamoja na mwenye shati?

Mama yake ndiye aliyejibu, kwa penseli:
Darubini iko kwenye tope la Ufaransa.
Mwanangu anaweza kukuelekeza.
Kukupeleka, hawezi.

Askari wasio na vyeo wana jedwali lao,
fupi, ghorofa ya chini, karibu na choo.
Kaka yangu Amos alihesabiwa huko.
Mama alipopata malimbikizo yake alilipa deni la mchinjaji,
akabakiwa na shilingi nne,
akazitia ndani ya soksi ya Amos
na soksi akaifunga fundo.
Mpaka leo hatuigusi. Hata mwezi ule wa njaa
tuliizunguka kama jiko la moto.

Sitajifanya shujaa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni,
mkuu wetu amekwenda kutafuta koti lake.
Nilichukua wembe tunaokwangulia makosa
nikaikwangua darubini.
Bastola niliiacha; ningeogopa.
Kisha nikajumlisha upya, pauni saba na ushee,
mkono ukitetemeka mpaka tarakimu ya saba ikaegemea
kama mtu aliyechoka kusubiri foleni.

Juni wanaume watarudi kwenye meza zao.
Sisi tutapewa notisi ya siku saba
na barua ya shukrani, iliyochapwa, jina wazi.
Sikufungua jedwali kutafuta cheo changu.

Lakini ukurasa ule umekuwa mwembamba pale nilipokwangua.
Uinue dirishani, asubuhi kukiwa na mwanga,
unaona hadi upande wa pili:
jina jingine, siku nyingine,
mtu ambaye bado sijamfikia.